Mgeni Rasmi Aliyepita Juu ya Shamba la Mama Anaeli

Nchi ya Malimbuko haimo katika ramani yoyote, na kwa hilo wachora ramani wasilaumiwe. Walikuja kuichora, wakaambiwa wasubiri mgeni rasmi aje azindue zoezi. Mgeni rasmi akachelewa, wino ukawakaukia, wakaenda zao. Wenyeji hawakuona ajabu yoyote. Malimbuko hakuna jambo linaloanza bila mgeni rasmi. Daraja likiisha kujengwa, watu huendelea kuvuka mtoni nguo zikiwa magotini mpaka mtu mkubwa aje na mkasi akate utepe. Choo cha shule ya Mrimbo kilikaa kimefungwa muda mrefu hata wanafunzi waliochimba shimo lake wakarudi siku ya uzinduzi wakiwa wamewashika mikono watoto wao.

Nchi hii inalima kahawa. Haiinywi, la hasha. Kahawa inachumwa, inamenywa, inaanikwa, inasafirishwa kwenda ng'ambo kwa Nchi Zinywazo, na walioilima wanabaki na chai yao ya rangi. Mambo yalikwenda hivyo bila mtu kumuudhi mtu, mpaka asubuhi moja Wanywaji walipoamka, wakashika vikombe vyao, wakajiuliza kama kuna mti wowote ulioumia kwa ajili yao. Miti ya kwao waliimaliza zamani, waliijengea meli za kwendea kuchukua kahawa, kwa hiyo sasa walikuwa na nafasi ya kuihurumia miti ya wenzao. Si vizuri kuwasema.

Basi wakaagiza kwamba kuanzia msimu ule hawatakunywa kahawa iliyolimwa mahali palipokatwa msitu. Na kwa kuwa hawakumwamini mtu yeyote aliyesimama ardhini, setilaiti yao ingepita juu ya mashamba yote na kuyatazama. Shamba likionekana la kijani, kahawa yake itanunuliwa. Likionekana jekundu, yaani limekatwa miti, kahawa yake haitanunuliwa, na serikali itatakiwa ilitwae lirudi kuwa msitu.

Baraza la Mawaziri la Malimbuko likakaa kikao cha dharura. Hakuna aliyeuliza habari za miti.

"Huyu setilaiti," akauliza Waziri Mkuu, "cheo chake ni nini?"

Wakatazamana. Mgeni anatoka ng'ambo, anatoa uamuzi, anakaa juu kuliko kila mtu. Kwa namna yoyote ya kupima, huyo ni mgeni rasmi. Siku hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Uendelevu na Mambo ya Juu, akapewa Mheshimiwa Profesa Baltazari Tukuzwe, ambaye alikuwa amekaa bila wizara kwa muda na alikuwa ameanza kukonda.

*

Sasa huko Mrimbo, mlimani, alikuwako mjane mmoja aitwaye Mama Anaeli. Shamba lake lilikuwa la aina ambayo watu wa zamani waliipenda na wataalamu waliokuja baada yao waliitukana. Juu kabisa palikuwa na miti mirefu ya kivuli, miringaringa na miruka, iliyopandwa na mama mkwe wake, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi. Ukiingia humo mchana wa jua kali, unasimama kwanza mpaka macho yazoee kivuli. Kahawa ya kivulini huiva taratibu, na utamu wake unatoka hapo. Bati la nyumba, karo ya watoto na jeneza la mumewe, vyote vilitoka katika kivuli kile. Mama Anaeli hakuwa na ardhi nyingine wala hakuitaka. Alipoletwa pale akiwa bibi harusi alikuwa mwembamba kuliko migomba, na sasa alikuwa amezeeka pamoja nayo.

Kwa hiyo aliposikia habari za kijani na nyekundu alilala usingizi mzuri. Mti wake ulioanguka mara ya mwisho uliangushwa na upepo, na hata huo alisikitika kuuchanja kuni.

Siku moja akaja Fulgensi, Afisa Uendelevu wa Wilaya. Huyu hapo awali alikuwa bwana shamba, kijana mwenye adabu na pikipiki. Wizara mpya ilipoanza, alibadilishiwa cheo, akabaki na adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kwa miguu leo?"

"Pikipiki inatoa moshi, mama. Tumeirudisha wizarani."

"Ikazimwe?"

"Hapana, Mkurugenzi ndiye anaitumia." Fulgensi akatoa simu yake, akaonyesha picha iliyopigwa kutoka angani. "Mama, shamba lako halionekani."

"Halionekani vipi, na wewe umesimama ndani yake?"

"Kutoka juu. Ni kijani kitupu. Hakuna kijani kama hiki wilaya nzima. Wizara imelichagua liwe shamba la mfano. Mgeni rasmi atapita juu yake, na Mheshimiwa Waziri atakuja kumpokea hapa hapa kwako."

Mama Anaeli alifurahi mpaka akakaa chini. Maisha yake yote hajawahi kupokea mgeni mkubwa kuliko padri. Jioni akamweleza wifi yake, Nambua, dada wa marehemu mumewe, mama mwenye mdomo mwepesi aliyeishi ng'ambo ya mfereji.

"Wifi, huyo mgeni anakula nini?" akauliza Nambua.

"Hali. Anapita juu, anatazama, basi."

"Hali kabisa?"

"Fulgensi kasema hali."

Nambua akatikisa kichwa. "Mgeni asiyekula simpendi. Akishakula kwako, hata akikusema huko aendako, anakusema kwa aibu kidogo. Huyu atakusema tumbo likiwa tupu."

*

Maandalizi yakaanza. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, upande wa juu tu, maana ndio utakaoonekana. Kwaya ya akina mama ikafundishwa kuimba nyuso zikitazama mbinguni. Baada ya mazoezi ya siku chache waimbaji hawakuweza kugeuza vichwa, ikabidi iundwe Kamati Ndogo ya Shingo, ambayo ilinunua dawa ya kuchua na kujilipa posho ya kuichukua dukani. Kwa ajili ya kukalia mgeni rasmi likaazimwa kochi la velveti kutoka kwa mwenye baa, likalazwa chali ili litazame juu. Likatokea swali la sahani ya mgeni. Mkuu wa Wilaya, mtu asiyependa kuona serikali inapata hasara, akajitolea kuila kwa niaba.

Yote yalikuwa sawa mpaka alipofika Mkuu wa Itifaki kutoka wizarani, bibi mmoja mrefu aliyevaa miwani ya jua. Alisimama katikati ya shamba la Mama Anaeli, akatazama juu, akavua miwani, akatazama tena.

"Mbona sioni mbingu?"

"Ni kivuli, mheshimiwa," akasema Fulgensi. "Ndicho tunachoonyesha."

"Na Waziri atasimama wapi?"

"Hapa, chini ya mringaringa."

"Chini ya mti." Bibi yule alilitamka neno polepole. "Waziri wa Mambo ya Juu asimame chini ya mti. Mgeni atoke ng'ambo, apige picha, na picha ikitoka Mheshimiwa aonekane jani."

Wakatafuta njia. Uwanja wa mpira ulikataliwa kwa sababu haukuwa na kahawa ya kuonyesha. Paa la nyumba likakataliwa kwa sababu Waziri wa Mambo ya Juu akipanda hata kwenye kigoda hupata kizunguzungu. Mtu mmoja akapendekeza Waziri avae nguo nyeupe na ashike taa, akaambiwa huyo si mzimu. Mwishowe Mkuu wa Itifaki akaonyesha kwa kidole, kutoka mringaringa hadi mruka, hadi kwenye migomba, akachora duara hewani.

"Hapa pafunguliwe."

Mama Anaeli aliyekuwa ameleta maji ya kunywa alidhani hakusikia vizuri. Akamvuta Fulgensi kando.

"Mwanangu, hii sherehe si ya kuonyesha kwamba hatukati miti?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa?"

Fulgensi alikuwa na mke, watoto na cheo kipya. "Tunakata ili ionekane kwamba hatukati."

"Na nikisema hapana?"

"Sherehe itahamishiwa kwingine, na shamba lako litaandikwa kwamba lilikataa kutazamwa. Shamba linalokataa kutazamwa linahesabiwa jekundu."

Ukweli ni kwamba si vitisho vilivyomshinda. Vitisho alivizoea, aliwahi kuwa na mama mkwe. Kilichomshinda ni desturi. Watu wa Mrimbo hawamwinamishi mgeni. Siku ya ugeni, kama mlango wa ua ni mfupi, mwenyeji huukata ua na kufungua njia mpya, mgeni aingie amenyooka. Kumwacha mgeni apinde shingo achungulie ndani kwako ni aibu inayosimuliwa hadi kwa wajukuu. Mama Anaeli akamfikiria huyu mgeni, ametoka mbali kiasi hicho, amefika juu ya nyumba yake, anajikunja huku na huku akichungulia kati ya majani kumtafuta mwenyeji wake. Akaona haya. Mtu wa mahali pengine angekataa, au angeomba fidia. Mama Anaeli alikwenda jikoni akaleta shoka.

"Kateni hiyo tu mliyoonyesha," akasema. "Na msiuangushe mringaringa juu ya mibuni."

Wakauangusha juu ya mibuni. Alilia, ila alilia akiwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa mgeni alikuwa anakaribia. Katika ripoti haikuandikwa kwamba miti ilikatwa. Iliandikwa kwamba imepisha. Kwa mbao zake likatengenezwa jukwaa, na juu ya jukwaa likatundikwa tangazo lenye maneno: MTI NI UHAI, USIUKATE.

*

Siku ikafika. Katikati ya kijani cha Mrimbo palikuwa na duara tupu la udongo, jua likiwaka humo, na katikati ya duara jukwaa, na katikati ya jukwaa Mheshimiwa Profesa Baltazari Tukuzwe, amevua kofia ili atambulike. Kwaya ikaimba na shingo zake zikalia. Waziri akakohoa, akainua uso, akahutubia mbingu.

"Mgeni rasmi uliye juu yetu, itifaki imezingatiwa. Karibu Malimbuko. Nchi hii ilikuwa endelevu kabla neno lenyewe halijaletwa. Imeendelea kuwa endelevu, na chini ya uongozi wangu itaendelea kuendelea. Serikali haijakata mti, haikati mti, na mtu atakayekata mti, serikali itamkata yeye. Tazama mgeni rasmi, tazama bila kificho. Unaona kivuli hapa?"

Hapakuwa na kivuli. Watu wakapiga makofi.

Katikati ya hotuba likatokea wingu. Mkuu wa Itifaki akamtazama Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya akamtazama Mkuu wa Polisi, na Mkuu wa Polisi, asiyekuwa na mtu wa kumtazama, akalitazama wingu kwa ukali. Likapita. Baadaye alipandishwa cheo.

Bwana mmoja wa wizarani alikuwa amekaa pembeni, macho kwenye saa ya mkononi. Ghafla akanyoosha mkono. Waziri akapunga, kwaya ikapiga vigelegele, Mkuu wa Wilaya akaivuta sahani.

"Amepita," akatangaza bwana wa saa.

"Amepita lini?" akauliza Nambua.

"Sasa hivi, mama."

Nambua akatazama mbingu ambayo haikuwa na kitu. "Mbona hata hodi hakupiga?"

Mama Anaeli akamfinya anyamaze. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ya duara, amevaa kitenge kipya, amenyoosha uso juu akitabasamu, na aliendelea kutabasamu hata baada ya magari kuondoka, asije mgeni akageuka nyuma na kumkuta amenuna.

*

Picha ikatoka, na ilikuwa nzuri kuliko walivyotarajia. Waziri alionekana. Kutoka angani kote huko, katikati ya duara, paling'aa nukta moja nyeupe, nayo ilikuwa upara wa Mheshimiwa. Wizarani watu walikumbatiana. Picha ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa katika kila ofisi ya serikali na kila zahanati, na wananchi wakafundishwa kuitambua.

Picha hiyo hiyo ikaenda kwa Wanywaji, na mashine yao ikaipaka duara lote rangi nyekundu. Msitu uliokuwapo haupo. Jibu likarudi Malimbuko kwa lugha ya upole: kuna shamba moja Mrimbo ambalo limekata miti mbele ya macho yetu, tafadhali chukueni hatua.

Mama Anaeli akaitwa mbele ya Kamati ya Rangi ya Wilaya. Alipoingia aliiona picha ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe.

"Mama, unashtakiwa kwa kukata msitu. Unalo la kusema?"

"Msitu haukuwapo, baba. Lilikuwa shamba langu. Na miti mliikata nyinyi, apate kuonekana Mheshimiwa. Si huyo hapo juu yako, katikati?"

Kamati ikageuka, ikaitazama picha, ikageuka tena.

"Tusichanganye mambo," akasema mwenyekiti. "Picha iliyo ukutani ni ya Mheshimiwa. Picha iliyo mezani ni ya uharibifu wa mazingira."

"Ni picha moja, baba."

"Zinafanana. Lakini Waziri wa Uendelevu hawezi kuwapo mahali pa uharibifu. Wataalamu wetu wameichunguza hii ya mezani, wamethibitisha kwamba hiyo nukta ni kichuguu."

Mama Anaeli akafikiri. "Basi kile kichuguu kilihutubia mpaka tukachoka."

Hakuna aliyecheka, ila Fulgensi aliyekaa mwisho wa meza aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akasoma uamuzi uliokuwa umekwisha kupigwa chapa. Kahawa ya Mama Anaeli isinunuliwe. Shamba lote litwaliwe na serikali, liitwe Msitu wa Hifadhi wa Tukuzwe, na mtu yeyote asilime, asipalilie wala asichume chochote ndani yake.

"Na mimi nikae wapi?" akauliza Mama Anaeli.

Mwenyekiti akasema kamati haina fungu la kujibu swali hilo. Mama Anaeli akashika ukingo wa meza. "Sina kwingine," akasema. "Sina kwingine kabisa, wanangu."

Ndipo Fulgensi akapata ushujaa kidogo, wa kiasi ambacho mtu mwenye cheo kipya anaweza kuumudu. Akanyoosha mkono, akasema msitu wa hifadhi unahitaji mlinzi, kanuni zinataka mlinzi aishi humo humo, na ingefaa awe mtu anayezijua njia. Kamati ikaona ni wazo zuri, hasa iliposikia kwamba mshahara wa mlinzi ni mdogo. Kwa hiyo Mama Anaeli aliingia katika kikao kile akiwa mkulima mhalifu, akatoka akiwa mtumishi wa umma.

*

Akapewa koti la kijani linalofika magotini, buti za mwanamume, na filimbi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shamba lake na kuhakikisha Mama Anaeli hachumi kahawa.

Miezi ya kwanza aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, akaona mateso. Magugu yalipanda mpaka kiunoni. Vichipukizi visivyotakiwa vilijaa mashinani mwa mibuni, na yeye anapita kando mikono nyuma, kama mtu anayepita mtoto wake analia na amekatazwa kumnyanyua. Usiku hakulala. Siku moja alfajiri akatundika koti kwenye mgomba, akashika jembe. Akapalilia, akapogoa, akapanda miche ya mringaringa katika duara lililobaki wazi. Akisikia watu wanapita njiani, anavaa koti upesi na kuanza kulinda.

"Wifi," Nambua akamuuliza juu ya mfereji, "leo wewe ni nani?"

"Mpaka saa nne ni mkulima. Baada ya hapo mlinzi."

"Na mkikutana?"

"Tunapishana. Kila mtu na kazi yake."

Mibuni ikajibu. Msimu ulipofika ilizaa kuliko miaka yote, matawi yakainama kwa matunda mekundu, na hapakuwa na mtu wa kuyanunua. Mama Anaeli aliyachuma yaliyoiva, akayamenya, akayaanika nyuma ya nyumba, hajui anamwanikia nani. Alisema tu kwamba kahawa haikukosa lolote, haifai kuadhibiwa.

Huko ng'ambo Wanywaji nao walikuwa hawajalala. Walizipekua picha zao zote nyekundu, wakagundua jambo ambalo lilikuwa limewapita. Kila palipokuwa na nyekundu, palikuwa na mkulima karibu. Si Malimbuko tu, dunia nzima ilikuwa hivyo. Basi mkulima ndiye tatizo. Wakatangaza kwamba sasa wanatafuta kahawa safi kabisa, kahawa ya msituni, isiyolimwa na mtu, na kwamba wataithamini kuliko nyingine zote.

Malimbuko wakahangaika kutafuta. Kila shamba lilikuwa na mwenyewe. Kila mbuni ulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kuapa kwamba ni wa baba yake. Mpaka Mkurugenzi mmoja, akiwa juu ya pikipiki, akakumbuka kwamba Mrimbo upo msitu wa serikali ambao kwa mujibu wa sheria hakuna anayeulima, na inasemekana una mibuni.

*

Wakaja Wanywaji wawili, bwana na bibi, watu wapole waliovaa viatu vya kupandia milima. Safari hii hawakutuma setilaiti, walitaka kuona kwa macho yao. Waziri Tukuzwe akawaongoza, na Fulgensi, kwa kuwa aliwahi kupelekwa ng'ambo kwenye semina, akafanywa mkalimani. Waliingia chini ya migomba, wakasimama mpaka macho yakazoea. Kisha wakaiona kahawa. Bibi Mnywaji akashika tawi lililoelemewa na matunda, machozi yakamlengalenga.

"Nani amepanda hii?" akauliza.

"Hakuna," akajibu Waziri.

"Na nani anaipalilia?"

"Hakuna. Ni asili yenyewe. Sisi serikali tunaweka mlinzi tu ili watu wasije wakaigusa." Akamwonyesha Mama Anaeli, aliyesimama pembeni na koti lake, viganja vyake vikiwa vyeusi kwa utomvu wa migomba.

Wanywaji wakamsogelea. Wakamuuliza, kwa kinywa cha Fulgensi, kama tangu alinde msitu huu amewahi kumwona mkulima ndani yake.

Waziri akamtazama kwa jicho ambalo halihitaji mkalimani. Mama Anaeli alilielewa. Akisema hakuna, kahawa itanunuliwa na yeye atabaki hapa na koti lake. Akisema ukweli, kahawa inakuwa ya mkulima tena, msitu unakuwa shamba tena, shamba jekundu, na safari hii hata kazi ya ulinzi hatapewa. Lakini wageni walikuwa wamesimama mbele yake, wameingia kwake, wanamuuliza, na tangu mambo haya yaanze hakuna mtu kutoka ng'ambo aliyewahi kumuuliza neno.

"Yupo mmoja," akasema. "Mwanamke."

Fulgensi akatafsiri. Wanywaji wakashtuka.

"Anafanya nini humu?"

"Anapalilia. Anapogoa. Aliolewa hapa. Miti hii anaijua mmoja mmoja, upi huzaa mapema na upi mvivu."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Namwambia aondoke, ndiyo kazi niliyopewa." Mama Anaeli akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Namfukuza kila siku. Nina uchungu naye, lakini namfukuza. Na kila siku anarudi. Waambie, mwanangu Fulgensi. Waambie angeondoka, leo wasingekuta hata punje moja."

Waziri akakohoa. Fulgensi alimtazama mama yule, akamtazama Waziri, akatazama buti zake mwenyewe zilizochoka kutembea, ambazo hivi karibuni ziliahidiwa pikipiki. Kisha akawageukia Wanywaji, akasema kwa lugha yao: "Mlinzi anasema mwanamke huyo alifukuzwa, na msitu uko salama."

Wanywaji wakashusha pumzi. Wakatoa vijitabu vyao, wakaandika. Mwaka ule kahawa ya Mrimbo ilinywewa katika mahoteli makubwa ya ng'ambo, katika vifuko vilivyochorwa mti mmoja bila mtu, na chini ya mti maneno kwamba hii ni kahawa isiyo na mwenyewe.

Mama Anaeli hakuijua lugha ile. Aliona tu kalamu zinatembea, kurasa zinajaa, na yule bibi anamwitikia kwa kichwa na kumshika mkono kwa heshima. Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu mringaringa uanguke. Hatimaye, akawaza, imeandikwa kwamba nipo. Akawasindikiza wageni mpaka njiani, akawakatia na mkungu wa ndizi mbivu.